Msaada Tuliompa Daktari wa Ngozi

Kabla sijafika kwa daktari, nianze na mawe, kwa sababu mawe ndiyo yalikuja kwanza.

Uhuru ulikuwa bado. Nilikuwa kijana wa kupaka rangi, sina hata brashi yangu mwenyewe, nakaa Majengo kwa mama yangu mdogo. Siku moja tukakusanywa vijana kama ishirini tukaambiwa kuna mkubwa atapita barabara ya Pumwani kesho yake, kwa hivyo kila kitu kipakwe chokaa. Tukapaka mawe ya kando ya barabara. Tukapaka mashina ya miti mpaka usawa wa kifua. Tukapaka nguzo za taa, na gari bovu lililokaa pale bila magurudumu tangu nikiwa mtoto, nalo tukalipaka. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa kutii kuliko kufikiri. Mbuzi wa mama mmoja muuza mahamri alijisugua kwenye mti uliokuwa haujakauka, akatoka na ubavu mmoja mweupe. Msimamizi akamtazama, akazunguka upande wa pili, akamtazama tena, akasema, "Hapana, huyu hawezi kuonekana hivi. Mmalizieni." Tukammalizia.

Mkubwa akapita kesho yake amelala, kichwa kimeegemea kioo cha gari. Nilimwona kwa macho yangu. Mdomo ulikuwa wazi.

Sasa chokaa ile tulikuwa tunaikoroga kwenye pipa, suruali zimekunjwa, miguu mitupu, nayo inaruka. Ilitula miundi, huku mbele chini ya goti. Tangu siku zile, kila ngozi ya miundi yangu ikibabuka, mimi nilijua ni chokaa, na wa kulaumiwa ni yule aliyelala. Nilimlaumu nilipooa. Nilimlaumu nilipofiwa na mke. Nilipohama Majengo nikaenda kukaa mtaa wa Tena, huku karibu na Umoja, nilihama naye. Watu wengine wana Shetani, mimi nilikuwa na huyo bwana. Miaka thelathini, na zaidi kidogo.

Ploti yetu ya Tena ilikuwa na vyumba tisa vinavyotazamana, bomba moja la maji katikati, na mama mwenye nyumba. Mama huyu alikuwa mjane kutoka magharibi, mtu wa kanisa, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi ya mwili. Yeye ndiye alikuwa serikali. Ukitaka kuanika nguo, unaomba. Ukitaka kugombana na mke wako, unagombana mpaka saa aliyoweka yeye, halafu unanyamaza. Sisemi kwa ubaya. Mimi nilipougua homa alinilisha uji siku nane, na hakuna mtu nje ya ploti aliyejua.

Mchana mmoja, miaka ya tisini imeanza anza, akaingia kijana mrefu na sanduku lililofungwa kwa kamba na maboksi manne ya vitabu. Mama mwenye nyumba alikuwa anaosha sufuria hapo bombani.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Mimi ni daktari, mama. Daktari wa ngozi."

"Daktari anatafuta chumba kimoja Tena?" Mama akaacha sufuria. "Wewe ni daktari wa kweli ama ni wale wa kubandika karatasi kwa nguzo?"

"Ni daktari, mama. Lakini bado."

Hiyo "bado" ndiyo hadithi yenyewe.

Kijana huyu alikuwa amesoma nje miaka tisa, katika nchi moja ya barafu huko upande wa mashariki mwa Ulaya. Saba ya udaktari wa kawaida, miwili ya ngozi peke yake. Wakampa cheti chenye jalada jekundu na muhuri mkubwa kama sahani ya kikombe. Mimi nilikishika. Mimi niliishia darasa la tatu, na nikikwambia cheti kile kilikuwa kizito, amini. Akarudi nacho Nairobi akakipeleka kwenye ofisi ya vibali. Mtu wa dirishani akakigeuza juu chini, akasema hiki hakisomeki, leta tafsiri. Akaleta tafsiri. Wakasema tafsiri haina muhuri wa ubalozi wa nchi iliyokitoa. Na wakati huo, kumbe, ile nchi ilikuwa imevunjika. Imegawanyika vipande, kila kipande kina bendera yake.

"Nikawaambia ile nchi haipo," daktari alitusimulia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Wakaniambia sawa, basi leta barua kutoka kwa hiyo nchi ikisema kwamba haipo."

Tulicheka mpaka mama muuza samaki wa chumba cha sita akalazimika kukaa chini. Daktari hakucheka. Baadaye ndiyo nilijua kwamba hakuwa anafanya mzaha.

Mwishowe mtu mmoja mwenye huruma ofisini akamweleza kwamba mlango uko, ila ni mwembamba. Angeweza kwenda Uingereza kufanya diploma ya huko, ambayo kila mtu anaitambua, na kwa hiyo angehitaji viza na nauli na pa kukaa. Angeweza kurudi shuleni hapa aanze upya miaka minne, kana kwamba ile tisa aliuza njugu. Ama angeweza kufanya mtihani wa waliosoma nje. Mtihani huo unafanywa mara tatu tu. Ukianguka mara ya tatu, basi, hufanyi tena maisha yako yote, na cheti chako unaweza kukitundika ukutani kizibe ufa.

Akachagua mtihani. Na ili ale, akapata kazi ya karani wa geti katika kiwanda cha sabuni Baba Dogo, karibu na Lucky Summer. Kazi yake ilikuwa kuandika namba za malori. Wafanyakazi waliounguzwa mikono na magadi walikuwa wanapita hapo getini wakijikuna, naye ameshika kalamu. Alisema siku zingine ilimbidi aangalie malori tu, asiangalie mikono, kwa sababu akiona hawezi kunyamaza.

Mtihani ulikuwa na sehemu tatu. Kwanza kuandika, ambayo kwake ilikuwa kama kunywa chai. Pili picha, zinaonyeshwa ukutani kwa mashine, unaambiwa useme ni ugonjwa gani. Picha zote zilitoka vitabu vya Uingereza, na watu wote humo walikuwa wazungu. Hiyo nayo aliipita bila jasho, maana miaka tisa hakuwahi kuona wagonjwa wengine. Tatu ni watu wenyewe. Unaletewa mgonjwa amekaa kitandani, mkaguzi anakwambia eleza unachoona, na kuna kengele.

Mara ya kwanza alianguka hapo. Alikuwa na mwezi mmoja tu kwetu. Alirudi jioni akakaa juu ya ndoo yake na tai bado iko shingoni.

"Imekuwaje, daktari?" nikamuuliza.

"Waliniletea mama mmoja, mweusi kama wewe, mzee. Nimefundishwa kwamba ngozi ikiwaka inakuwa nyekundu. Nikatafuta nyekundu. Nikageuza mkono huu na huu. Sikuiona." Akavua tai. "Nimesoma ngozi miaka miwili, na hata siku moja sijasoma yangu."

Hapo ndipo niliingiza mdomo, na ningekuwa na akili ningeufunga.

Mimi nilikuwa fundi wa rangi. Nilikuwa nimestaafu kwa sababu ya mgongo, lakini jicho halistaafu. Nikaingia chumbani nikatoa kadi yangu ya rangi, ile ya duka yenye vipande vidogo vidogo, kila kipande na jina lake. Nikamwambia, "Kijana wangu, sikiliza. Nyekundu ukiipaka juu ya ukuta mweupe inabaki nyekundu. Ukiipaka juu ya kahawia iliyoiva, unafikiri utaona nini? Utaona zambarau. Utaona rangi ya maini. Wakati mwingine utaona kijivu kimeingia pembeni. Hakuna fundi anayeahidi mwenye nyumba nyekundu juu ya kahawia. Atakukimbiza."

Daktari akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Akachukua daftari.

Basi kuanzia hapo, kila Jumapili watu wakitoka kanisani, ploti yetu ikawa kliniki. Hakuandika dawa, hakuchukua kitu, hakuwa na kibali. Alikuwa anaangalia tu na kuandika daftarini. Watu wa ploti za jirani wakasikia, wakaja na mapunye ya watoto, na upele, na madoa ya shingoni. Mimi nilikaa kando yake kwenye stuli na kadi mkononi. Mtu akikunjua mkono, naulinganisha.

"Hii ni maini na kijivu kidogo," nasema.

"Mzee wa rangi," mama muuza samaki akaniambia siku moja, "mimi ni mtu ama ni ukuta?"

"Ukuta haukasiriki hivyo, dada."

Yeye alikuwa na doa shingoni, limezunguka kama kamba, linamwasha mpaka anaacha kupara samaki. Alikuwa ameombewa mara mbili. Daktari akaangalia kidogo, akamwuliza hiyo cheni alinunua wapi. Ilikuwa cheni ya barabarani, ya rangi ya dhahabu, aliyopewa na mtu ambaye sitamtaja kwa sababu alikuwa na mke. Daktari akamwambia aivue. Hakumwambia kingine. Mama alinuna wiki nzima, kisha akaivua.

Siku moja nami nikakunja suruali. Daktari akachukua kijiti cha mbao akakwaruza muundi wangu polepole, kama mtu anayetoa rangi ya zamani kwenye mlango kabla ya kupiga msasa. Kikatoka kitu cheupe, magamba juu ya magamba, kama nta ya mshumaa ukiikwaruza kwa kucha. Akafurahi. Nilishangaa mtu anavyoweza kufurahia mguu wangu.

"Hii ni soriasisi, mzee. Iko kwenye damu ya ukoo. Chokaa haihusiki."

"Haihusiki vipi?"

"Haihusiki kabisa."

Nilikasirika, usione ajabu. Mtu ameishi na adui wake miaka thelathini, wewe unakuja na kijiti unamwachilia huru. Siku tatu sikumsalimia. Ya nne akagonga mlango, akasema, "Shikamoo mzee," kama wanavyosalimia kwetu Majengo, ingawa yeye alikuwa mtu wa magharibi, na akanieleza niende kliniki ya ngozi ya hospitali moja kubwa, na nikifika niseme nini. "Waambie miundi ina magamba, na marehemu baba alikuwa nayo. Usiwaambie mimi ndiye nimesema." Nikaenda, nikapewa dawa ya kupaka, na magamba yakapungua yakabaki ya kiasi.

Mwaka ukazunguka, mtihani wa pili ukafika. Tulimsindikiza mpaka kituoni. Mama mwenye nyumba alimwombea kwa sauti mpaka kondakta akavua kofia.

Akaanguka.

Nilijua kabla hajasema, kwa sababu alikuja moja kwa moja chumbani kwangu. Walimletea mzee mwenye vidonda mgongoni. Wakamwambia eleza. Akaeleza, ukingo wake ni zambarau iliyokolea inayoelekea kijivu, katikati ni rangi ya maini. Mkaguzi akamwuliza, "Ni nyekundu au si nyekundu?" Akasema si nyekundu. Mkaguzi akafungua kitabu mbele yake akamwonyesha mstari, imeandikwa nyekundu. Daktari akamwambia atazame mgongo. Mkaguzi akasema yeye anatazama kitabu.

Daktari alinirudishia kadi yangu ya rangi kwa mikono miwili. "Asante, mzee. Ulinifundisha kuona." Afadhali angenitukana.

Ikabaki mara moja. Ploti nzima ilijua. Mtoto wa miaka mitano alikuwa anajua kwamba dakitari amebakisha moja. Vijana wa mtaa wakimwona anapita na daftari walikuwa wanasema, "Niaje dakta, hii ya mwisho unabeba," naye anainua mkono. Alikonda. Malori ya kiwandani akaanza kuyaandika vibaya, wakamwonya. Mama yake alikuwa kijijini, ameambia watu miaka mitatu kwamba mwanawe ni daktari mkubwa Nairobi, na daktari alikuwa ameacha kwenda nyumbani Krismasi kwa sababu watu walikuwa wanamsubiri na magonjwa yao.

Sasa mwaka uliofuata, wiki mbili kabla ya mtihani wa tatu, nilikuwa kliniki kuchukua dawa, nesi akaniambia nikunje suruali tena. Akaita mwenzake. Wakaangalia.

"Mzee, una miguu mizuri sana," nesi akasema.

Hakuna mwanamke aliyekuwa ameniambia hivyo tangu mke wangu afariki, na hata yeye sikumbuki. Kumbe walikuwa wanatafuta wagonjwa wa mtihani. Wanataka mtu ambaye ugonjwa wake unaonekana wazi. Unakaa kitandani asubuhi nzima, madaktari wanaokaguliwa wanapita mmoja mmoja, unapewa chai, mkate na nauli. Akanipa siku. Ilikuwa siku yetu, ile ya daktari. Kisha akanishika bega akanieleza sawasawa, wala sisemi kwamba sikusikia: "Wiki moja kabla, usipake dawa. Usipake mafuta yoyote. Usisugue. Njoo vile ulivyo."

Alimwambia pia mama muuza samaki, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kuchukua karatasi zake, maana kabla ya kuvua cheni alijaribu kutibiwa hapo, kwamba faili yake ina doa zuri, naye aje.

Nikampelekea mama mwenye nyumba habari. Akasema pole pole, jambo ambalo si la kawaida kwake, "Mungu amemletea majibu mpaka mlangoni. Huyu kijana ameangalia mguu wako mwaka mzima. Ataujua hata akifumba macho."

"Nimwambie?"

"Ukimwambia atakataa. Huyo amenyooka kama rula. Usimwambie. Na ukifika huko, humjui. Umesikia, baba? Humjui."

Nikasema nimesikia.

Nikakaa wiki nzima bila mafuta kama nesi alivyosema. Miundi ikarudi kuwa mlango wa zamani. Siku ikafika. Nikatoka chumbani na kaptura, nataka kuoga, na jua likanipiga miguuni. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari amechinja kuku wa kumpokea daktari jioni, ana manyoya mkononi. Akanitazama kuanzia magotini kwenda chini.

"Utaenda mbele ya watu hivyo?"

"Nesi alisema nisipake."

"Nesi alisema." Akaweka kuku chini. "Nesi amelelewa na nani? Wanataka watu wa Eastlands waende huko wamepauka kama wametoka kwa jivu, halafu waseme mnaona hawa. Mtoto wetu anasimama mbele ya wazungu leo. Wewe ni jirani yake. Ni kama wewe ni baba yake. Baba anaenda kwa mambo ya mtoto wake amepauka?"

Ukweli ni kwamba sikukataa kwa nguvu. Niliona ana hoja. Kwetu mtu hatoki nje ya geti bila mafuta, hata anayeenda kununua kiberiti, sembuse anayekwenda kukaguliwa. Akaleta maji ya moto, akaleta jiwe la kusugulia visigino, akanisugua miundi mwenyewe kwa sababu aliniona naogopa. Kisha akaleta mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe, ule wenye picha ya ng'ombe. Hakubakisha. Mama muuza samaki naye akapakwa shingo. Tukasimama pale bombani tunang'aa wote wawili. Nilimkumbuka yule mbuzi wa Pumwani. Lakini kusema kweli nilijiona nimependeza.

Hospitalini mama muuza samaki alirudishwa mlangoni. Nesi alitafuta doa hakuliona. Cheni ilikuwa imevuliwa miezi mingi, shingo imepona, ile faili ilikuwa ya zamani. Mama akalia kwamba amenyimwa chai. Mtu mmoja tu katika Nairobi nzima ambaye daktari wetu alikuwa amemponya kabisa, na huyo ndiye mtihani haukumtaka.

Mimi nilipita kwa sababu nilikuwa nimevaa suruali. Wakaniweka kwenye kitanda nyuma ya pazia, karibu na dirisha. Nesi akaja kunikunja suruali, akasimama.

"Mzee. Umefanya nini?"

"Nimeoga."

Akafungua mdomo, na kengele ikalia.

Wakaguzi walikuwa wawili. Mmoja wetu, mwenye tai ya kipepeo, na mmoja mgeni aliyeletwa kutoka nje, mzungu mrefu, shingo imeungua na jua letu. Ile shingo, nakwambia, ndiyo kitu cha kwanza siku hiyo nilichokiona ambacho kilikuwa chekundu kama kitabu kinavyotaka. Waliongea Kiingereza. Kiingereza changu ni cha mafundi, cha kuambiwa hapa umeacha doa, lakini nilifuata.

Daktari wetu akaingia wa tatu. Koti jeupe limepigwa pasi. Hakuwa ameniona bado. Wakamwambia amsalimie mgonjwa. Akainua macho.

Nami nikakumbuka niliyoambiwa. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Habari yako, daktari, ambaye mimi sikujui."

Yule wa tai ya kipepeo akageuka taratibu. "Mnajuana?"

Hapo mlango ulikuwa bado wazi. Neno moja tu, hapana. Daktari alikuwa anatazama miundi yangu. Inang'aa kama gari jipya, hakuna gamba hata moja, imebaki ngozi tu na mafuta yake.

"Mzee," akaniuliza chini chini, "nani amekupaka?"

"Mama mwenye nyumba."

Niliona pembe ya mdomo wake ikicheza kidogo. Kisha akawageukia. "Huyu ni jirani yangu. Ana soriasisi. Hamwoni magamba kwa sababu amepakwa mafuta. Mimi nimeyaona, nilimkwaruza mwenyewe."

"Ulimkwaruza wapi?"

"Nyumbani. Kando ya bomba."

"Kwa kibali gani?" akauliza wa tai ya kipepeo, na akaweka kalamu tayari.

Nilisikia mtu akikohoa pazia la tatu. Yule mzungu akajikuna shingo, na nafikiri hakuwa mtu mbaya, akasema kwa upole, "Tuyaache hayo. Tuseme hujawahi kumwona. Angalia tu mguu utuambie. Ni nyekundu?"

Ilikuwa imefika hapo. Miaka tisa ya barafu, miaka miwili ya malori, mama yake kijijini, kuku wa mama mwenye nyumba, vyote vilikuwa vimekaa juu ya muundi wangu vikingoja neno moja. Wala halikuwa neno gumu. Na mimi, mzee mzima, mimi niliyemkalisha na kadi ya rangi Jumapili baada ya Jumapili, nikainama mbele nikamnong'oneza, "Sema nyekundu, kijana wangu. Sema tu."

Wa tai ya kipepeo alisikia. Sikujali.

Daktari akanitazama, si kwa hasira. "Mzee, si wewe uliyesema fundi hawezi kuahidi nyekundu juu ya kahawia?"

Nikaegemea mto tena.

Akachukua pamba mezani, akapiga goti, akanifuta muundi wa kulia, taratibu, mpaka mafuta yakaisha. Akanifuta wa kushoto. Akanishushia suruali mguu mmoja, na wa pili, akanyoosha mikunjo. "Rudia dawa ya kliniki kuanzia leo," akaniambia. "Usiiache hata ukiona imepotea." Akasimama. Akavua koti, akalikunja, akaliweka chini ya kwapa. Akawaambia wale wawili asante, kwa Kiingereza kizuri, na kengele ilikuwa bado haijalia.

Nilifikiri ametoka kwenda msalani kunawa mafuta.

Akaingia wa nne, kijana mfupi mwenye miwani. Nesi akanikunja suruali tena. Yule kijana hakuinama hata kidogo. "Nyekundu," akasema, "na ina magamba." Wa tai ya kipepeo akaandika. Mimi nilikuwa natazama dirishani. Daktari wetu alikuwa anakata uwanja wa hospitali, hatembei haraka, koti chini ya kwapa, kama mtu anayetoka kazini siku yoyote. Askari wa getini akampigia saluti, kwa sababu ya lile koti. Akamrudishia. Kituo cha kwenda kwetu kiko mkono wa kulia ukitoka pale, na yeye akashika wa kushoto, na akaenda hivyo hivyo mpaka ukuta ukamficha, na hakurudi, si hospitalini, si kwenye ploti.